Ngozi kwenye cherehani ya nyumbani: yanayowezekana na yasiyowezekana

(Hotuba iliyosomwa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya vikundi vya akina mama na vijana, katika siku ya kufunga mafunzo ya ushonaji)

 

Tangu mafunzo haya yaanze, swali moja limefika ofisini kwetu mara nyingi kuliko mengine yote: je, cherehani niliyo nayo nyumbani inaweza kushona ngozi? Mimi si fundi, kazi yangu ni habari. Nimewauliza mafundi, nimekaa kando yao wakishona, na jibu lao ni hili: ndiyo, kwa ngozi nyembamba. Kwa ngozi nene, hapana, hata fundi awe hodari namna gani.

Nalisema wazi kwa sababu wengi wenu mna cherehani moja tu. Ndiyo inayoshona sare za shule mwezi wa Januari, na ndiyo inayolipa karo. Ukiilazimisha kupita kwenye ngozi ya mshipi, sindano itavunjika, na mara nyingine shindo hilo huvuruga mpangilio wa sindano na ndoano inayodaka uzi kule chini. Hapo cherehani huanza kuruka mishono hata kwenye kitambaa cha kawaida. Mkoba mmoja usije ukawanyima msimu mzima wa sare.

Basi pimeni kwanza. Ngozi ya mbuzi au ya kondoo iliyochakatwa, yenye unene wa karibu milimita 1, inafaa. Kumbukeni kwamba penye pindo ngozi huwa mbili, na penye kona huweza kuwa nne. Fundi huipunguza ngozi pembezoni kwa kisu kikali kabla ya kuikunja, kisha huligonga pindo kwa nyundo ili lilale. Msilipige pasi ya moto kama kitambaa, ngozi itajikunja na kukauka. Ngozi ya ng'ombe ya soli na mishipi iachieni mashine nzito za mafundi wa viatu, au ishoneni kwa mkono.

Kwa anayejifunza, jaketi la ngozi la mitumba ni mwalimu mzuri. Ngozi yake ni laini, na likifumuliwa hutoa vipande vya kutosha vipochi kadhaa. (Bitana msiitupe, itawafaa ndani ya kipochi.)

Sasa sindano, ambayo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Ya kawaida ina ncha ya mviringo na husukuma nyuzi za kitambaa kando. Ngozi haina nyuzi za kusukumwa namna hiyo. Ipo sindano ya ngozi, yenye ncha bapa inayokata kama patasi ndogo. Muulizeni mwenye duka namba 90 au 100, na kwa ngozi nzito kidogo 110. Kwa kuwa inakata, tundu likishatobolewa halizibiki. Ukifumua, alama zinabaki. Ndiyo maana fundi hujaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki kutoka ngozi ileile, na ndiyo maana hatumii pini. Hushikiza kwa vibanio vya kuanikia nguo au kwa gundi kidogo ya viatu.

Urefu wa mshono uwe milimita 3 hadi 4. Mishono iliyobanana hutoboa ngozi kama stempu ya posta, na siku mzigo ukizidi, ngozi inachanika palepale. Kwa sababu hiyohiyo msirudishe cherehani nyuma mwishoni mwa mshono. Acheni uzi mrefu, uvuteni upande wa ndani, mfunge fundo kwa mkono.

Uzi uwe wa polyester au nailoni. Ngozi iliyochakatwa kwa magome ya miti hubaki na dawa ya magome hayo, nayo huula uzi wa pamba polepole. Mkoba utauzwa vizuri, halafu mteja atarudi nao mshono umeachia.

Tatizo jingine ni ngozi kunata chini ya mguu wa cherehani. Wekeni karatasi nyembamba juu ya ngozi, shoneni juu yake, kisha ichaneni. Na mahali penye unene, ondoeni miguu kwenye kikanyagio mzungushe gurudumu kwa mkono, mshono mmoja baada ya mwingine. Wenye zile cherehani nyeusi za zamani mna bahati hapa, maana hazina haraka.

Niongeze neno moja kwa upande wa serikali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti machinjio, na pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Ngozi huanzia kwenye kimoja na kuishia kwenye kingine. Mchinjaji akiteleza kisu wakati wa kuchuna, tobo lile litakuja kuonekana kwenye meza yako. Kwa hiyo mnaponunua ngozi, iinueni kwenye mwanga muitazame kabla ya kutoa pesa, na wenzetu wa machinjioni mnaotusikiliza, mmesikia.

Mwalimu ameleta vipande vya mbuzi na sindano za namba 100. Tutaanza na kipochi cha sarafu chenye mishono miwili tu iliyonyooka. Wa mstari wa mbele, sogezeni viti.