Timu ya Tabora ni ya Nani?



Leo hatuzungumzii mbolea wala bei ya tumbaku. Tunazungumzia kandanda. Msicheke. Kandanda siku hizi ni biashara kama tumbaku, na sisi watu wa Tabora tumo ndani yake, tupende tusipende.

Tuanze na mambo ya nyumbani. Mwaka 2023 mkoa wetu ulipata timu ya Ligi Kuu. Timu hiyo haikuzaliwa hapa. Ilianzia Kilimanjaro ikiitwa Kitayosce, ikahamia kwetu, ikapanda daraja, kisha ikaitwa Tabora United. Tulifurahi sana. Tangu Rhino Rangers ishuke mwaka 2014 tulikuwa watazamaji tu. Wazee nao walikuwa wanaikumbuka Milambo, timu iliyobeba jina la Mtemi wetu.

Lakini mechi ya kwanza ilikuwa aibu. Ilikuwa Agosti 2023, huko Chamazi, Dar es Salaam, tukicheza na Azam. Timu yetu iliingia uwanjani na wachezaji 8 tu, kwa sababu usajili wa wengine ulikuwa haujakamilika. Tukafungwa mabao 4. Wachezaji wawili wakaumia, wakabaki 6. Sheria inataka timu isipungue watu 7, basi refa akapuliza filimbi, mchezo ukaishia hapo. Watu walishika vichwa.

Ukipita mwaka na miezi mitatu, timu hiyohiyo ilirudi Chamazi. Tarehe 7 Novemba 2024 iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1. Yanga, bingwa wa nchi! Siku ile hata wasiojua mpira waliuliza kelele zinatoka wapi.

Halafu mwaka 2025 tukasikia timu imechukuliwa na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Jina likabadilika, ikaitwa TRA United. Neno Tabora likatoka. Wako waliotania kwamba sasa hata refa atadaiwa risiti. Utani ni mzuri, lakini chini yake liko swali. Timu hii ni ya nani?

Ili tujibu, lazima tujue fedha za mpira zinatoka wapi. Zamani zilitoka mlangoni. Mtu alilipa kiingilio, akaingia uwanjani. Timu yenye mashabiki wengi ililipa posho ya wachezaji, na nyingine zilisaidiwa na jeshi, polisi au kiwanda. Siku hizi fedha kubwa zinatoka kwenye televisheni. Kampuni inalipa ili yenyewe tu iruhusiwe kuonyesha mechi. Ruhusa hiyo huitwa haki za matangazo. Mwaka 2021 Azam Media ilikubaliana na Shirikisho la Mpira, TFF, kulipa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10.

Hebu tuchukue kalamu. Bilioni 225.6 tukigawa kwa 10, tunapata bilioni 22 na milioni 560 kwa mwaka. Ligi ina timu 16. Kama zingegawiwa sawasawa, kila timu ingepata milioni 1,410 kwa mwaka. Lakini hazigawiwi hivyo. Anayeshika nafasi ya juu hupata zaidi, wa chini hupata kidogo. Aliyekwisha kuwa na nguvu huongezewa nguvu.

Na fedha hizo mwishowe zinatoka kwa nani? Ni sisi tunaolipia king'amuzi. Ni yule kijana anayetoa sarafu zake kuingia kibanda umiza, akasimama dirishani kwa sababu mabenchi yamejaa. Babu zetu waliijua njia hii. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe. Mwenye njia alitoza hongo, na Mirambo aliifunga njia mwaka 1871 alipogombana na Waarabu. Pembe zilibebwa na mabega ya Wanyamwezi, lakini bei yake ilipangwa pwani. Leo njia iko hewani, na mwenye njia hutoza vilevile.

Sasa tuje kwa matajiri. Azam FC ni ya Bakhresa, na Azam Media, inayoonyesha ligi, ni ya kampuni zake hizohizo. Hatusemi kuna ubaya umetendeka. Tunasema mwenye uwanja wa mnada naye analeta ng'ombe wake mnadani, na watu lazima wawe macho. Yanga inashikwa mkono na kampuni ya GSM. Simba, wanachama wake walimkubali Mohammed Dewji aweke shilingi bilioni 20 apate hisa 49 kati ya 100. Hisa ni sehemu ya umiliki, kama hisa zetu za chama cha msingi. Serikali ilikwisha kuweka sharti kwamba wanachama wabaki na hisa 51. Ni sharti zuri. Ila tuseme ukweli: mwenye 49 akiwa ndiye anayelipa mishahara, wenye 51 husema kwa sauti ya chini.

Matajiri wakigombana, ligi nzima inatikisika. Novemba 2021 GSM iliingia mkataba na TFF kudhamini ligi. Simba wakakataa kuvaa nembo ya kampuni inayomsaidia mpinzani wao. Februari 2022 GSM ikajitoa. Timu ndogo, zilizokuwa zinahesabu fedha hizo, hazikuwa na la kusema.

Je, tajiri ni mbaya? Hapana. Bila fedha tungeendelea kuingia uwanjani watu 8. Wachezaji wanalipwa vizuri kuliko zamani, na Simba na Yanga zinaogopwa Afrika. Lakini tazameni ubingwa. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo kule Rungwe, ilitwaa ubingwa wa nchi. Mwaka 1988 ilikuwa zamu ya Coastal Union ya Tanga. Tangu mwaka 2001 hadi 2025, ubingwa umetoka nje ya Simba na Yanga mara moja tu, mwaka 2014, ukaenda Azam. Tukuyu nyingine itatoka wapi?

Jambo linalotuuma zaidi ni hili la kuhamisha timu. Huko Mbarali, mkoa wa Mbeya, kulikuwa na timu iitwayo Ihefu. Wakulima wa mpunga waliipenda. Novemba 2022 iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 palepale kijijini, na Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Basi, msimu wa 2023/24 ukiwa katikati, timu ikahamishiwa Singida. Mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Na ile timu nyingine iliyokuwa Singida ikaenda Babati, ikaitwa Fountain Gate. Watu wa Mbarali walibaki na uwanja na majani yake.

Sisi wakulima wa tumbaku tunaelewa upesi. Tunajua msimu unavyokuwa mnunuzi akiamua harudi.

Wazungu nao yamewapata. Aprili 2021 timu 12 tajiri za Uingereza, Hispania na Italia zilitangaza ligi yao wenyewe, ambayo waanzilishi wake wasingeshuka daraja hata wakifungwa kila siku. Walitaka fedha za televisheni zenye uhakika. Mashabiki wa Uingereza wakatoka barabarani. Hazikupita siku tatu, timu zote 6 za Uingereza zilikuwa zimejitoa. Ujerumani hazikuingia kabisa, kwa sababu kule, kwa timu nyingi, wanachama ndio wenye zaidi ya nusu ya kura, na wanachama hawakutaka.

Timu yetu haina wanachama. Ina mashabiki. Mwanachama ana jina kwenye daftari na kura mkutanoni. Shabiki ana jezi.

Ndiyo maana tunapendekeza diwani na mbunge waulizwe, kwa barua, siyo kwa kelele za uwanjani. Wenye timu wameandika wapi kwamba itabaki Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi? Kwa miaka mingapi? Wakichoka, Tabora itaambiwa kabla au itasikia redioni? Na je, watu wa mkoa wanaweza kununua hisa, hata ya shilingi elfu kumi? Tumekwisha jifunza kuandika barua. Tuandike hiyo, tutie sahihi zetu, na nakala tuiweke. Karatasi tumekuja nazo, ziko pale mezani kwa mwalimu.