Chumvi Kidogo Ndani ya Uzi

Msikilizaji, mji wa Reynoldsburg, ulio mashariki ya Columbus katika jimbo la Ohio nchini Marekani, una sifa ya nyanya. Ni huko ambako Alexander Livingston, mnamo mwaka 1870, alitoa nyanya iitwayo Paragon, ya mviringo na yenye ngozi laini, wakati nyanya nyingi za zama hizo zilikuwa na matuta. Zaidi ya karne moja baadaye, wanasayansi wa jimbo hilohilo walipambana na matuta ya aina nyingine, yaliyo katika uzi mwembamba usioonekana kwa macho.

Uzi huo husokotwa kwa umeme. Plastiki huyeyushwa katika maji au kimiminika kingine, kisha myeyusho husukumwa polepole kupitia sindano iliyounganishwa na umeme wa maelfu ya volti. Chaji hulivuta tone, ukachomoza mchirizi unaorefuka na kuchapa hewani kama mjeledi. Kimiminika hukauka njiani, na uzi mkavu hutua juu ya bamba la chuma. Unene wake mara nyingi ni nanomita mia chache tu, ilhali unywele wa binadamu hufikia nanomita 50,000 na zaidi.

Nyuzi hizo hutumika katika vichujio vya hewa, na watafiti wanazijaribu katika vitambaa vya kufunikia majeraha. Lakini mara nyingi uzi hutoka na vifundo, mithili ya shanga zilizotungwa. Kichujio chenye vifundo huwa na matundu yasiyolingana, na kitambaa huwa na sehemu dhaifu.

Kisa ni nini? Kila kimiminika hupenda kujikusanya kuwa matone, kama umande juu ya jani. Chaji, kwa upande wake, huuvuta mchirizi urefuke. Nguvu ya kwanza ikishinda, shanga hutokea.

Mwaka 1999, Hao Fong, Iksoo Chun na Darrell Reneker wa Chuo Kikuu cha Akron, kaskazini-mashariki ya Columbus, walieleza jambo hilo kwa kina. Chumvi ya kawaida ilipotiwa katika myeyusho, chaji iliongezeka, vifundo vikapungua na nyuzi zikawa nyembamba zaidi. Alkoholi nayo ilipunguza ile tabia ya kujikusanya. Mwaka 2004, watafiti nchini Australia walionyesha kwamba kemikali za jamii ya sabuni zenye chaji, hata zikiwa kidogo sana, huondoa vifundo katika nyuzi za polistirini. Ile isiyo na chaji ilivipunguza tu.

Hata hivyo, viongezi si sawa. Alkoholi hupaa na kutoweka. Chumvi na sabuni hubaki ndani ya uzi. Katika kichujio cha vumbi huenda hilo lisiwe na uzito mkubwa. Juu ya kidonda kibichi, kemikali inayochuruzika kutoka katika kitambaa yaweza kudhuru chembe hai zilezile zinazotarajiwa kukifunga.

Kwa hiyo, msikilizaji, ulaini unaoonekana katika hadubini ni nusu tu ya ubora. Nusu ya pili ni kujua kilichouleta ulaini huo kimebaki wapi, na uzi wenyewe utamgusa nani.