Pesa ya kuonyesha si pesa ya kuishi
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana waliopata Diploma ya Serikali, Butembo

 

Waliniomba niongee juu ya namna ya kufika Bulaya. Nikakataa. Namna ya kufika munaijua, komisyoneri iko kwa kila avenyu. Mimi nitaongea juu ya mwezi wa pili, wakati wenye walikusindikiza wamesharudi kwao, na wewe uko kwa chumba peke yako unahesabu sarafu. Nilisoma masta miaka miwili Lille, kaskazini ya Ufaransa. Basi nitasema ya Ufaransa, njo ile ninajua.

Tuanze na hesabu. Kwa viza ya masomo, konsula anataka uonyeshe kama uko na euro 615 kwa kila mwezi. Zidisha mara 12: ni euro 7 380. Hapo haujalipa masomo. Zamani mwanafunzi mukongomani alikuwa analipa kwa universite ya serikali sawa na mufaransa, mia mbili au tatu hivi kwa mwaka. Mwezi wa 11 wa 2018, waziri wao mukubwa Édouard Philippe akatangaza bei mpya kwa wenye hawatoke kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Kuanzia 2019 ikawa euro 2 770 kwa lisansi na 3 770 kwa masta, na tangu hapo imeongezeka kidogo. Mupango huo waliuita "Karibu Ufaransa". Musicheke, njo jina lake kweli.

Mashirika ya wanafunzi yalienda kortini. Mwezi wa 10 wa 2019 Baraza la Katiba la kule likasema kama masomo ya bure ni haki hata kwa universite, lakini wanaweza kuomba pesa kidogo. Pesa kidogo ni ngapi? Mwezi wa 7 wa 2020 Baraza la Serikali likaacha bei ile ibakie. Kwa mufaransa njo ile kidogo. Kwa mama yangu mwenye kulima kahawa Musienene, munajua wenyewe.

Sasa sikieni hii, sababu komisyoneri hatakuambia: universite nyingi zinasamehe. Sheria inaziruhusu kuachilia sehemu ya wanafunzi wa kigeni walipe bei ya zamani. Zingine zinafanya vile kwa karibu wote, zingine kwa wachache, na inabadilika mwaka kwa mwaka. Uliza kwa kuandika, mbele ya kuchagua chuo. Mimi niliandika barua moja, ukurasa mumoja, kwa kifaransa changu cha hapa hapa. Ile barua iliniokolea zaidi ya euro 3 000. Na mutu mwenye nilimulipa dola 400 juu ya "kutengeneza dosie" hakuniambia hata neno moja juu yake.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa lile. Kosa langu ni ya banki, na nitaisema wazi, hata kama mama yangu mudogo ameketi hapo mbele na haifurahie.

Munajua hii mambo ya kukopa pesa ya kuonyesha. Banki inapashwa kutoa karatasi yenye kusema kama kwa konti yako kuna pesa. Familia haina elfu saba. Basi mujomba anaweka yake, rafiki wa mujomba anaongeza, likelemba ya kwaya inaongeza. Konti inajaa. Banki inatoa karatasi. Viza inatoka. Kesho yake kila mutu anakuja kuchukua yake, na wengine wanataka na faida juu.

Kwangu ilikuwa vile. Konsula alikuwa ameona elfu saba na zaidi. Mimi nilishuka kwa gari la moshi Lille na euro 610 mufukoni, mwezi wa 9, na koti moja ya kuazima. Mwenye nyumba wa kwanza aliniomba kodi ya mwezi pamoja na garanti ya mwezi mwingine: euro 840. Nililala wiki tatu chini kwa mukongomani mumoja mwenye sikumujua, Mungu amubariki. Kufika mwezi wa 11 njo nilipata chumba cha mita 9 za mraba.

Munaona tofauti? Ile 615 konsula hakuiweka juu ya kututesa tu. Ni kadirio ya maisha, na hata ni kadirio ndogo. Paris haitoshe hata. Tulifikiri ni mulango wa kuruka, kumbe ilikuwa bei ya chakula.

Wengine watasema: utafanya kazi. Ndiyo, kibali cha mwanafunzi kinaruhusu saa 964 kwa mwaka, kama 18 na nusu kwa wiki. Wakati wangu kazi ya mushahara wa chini ilikuwa inaacha karibu euro 9 kwa saa. Fanya hesabu: inapita elfu nane na nusu. Kwa karatasi inatosha! Lakini ile kazi nani amekuwekea? Miezi mine sikupata kitu. Kisha nikapata kusafisha maofisi, saa kumi za asubuhi mupaka saa mbili, nikitoka pale ninaingia kwa darasa nasinzia. Semesta ya kwanza nilianguka masomo matatu. Na ukianguka, wakati wa kufanya upya kibali wanakuuliza juu ya masomo yako, tena wanakuuliza juu ya ile pesa ya kuishi. Elfu saba ya mujomba haiko tena. Ile mwezi nilikonda.

Kuna vitu vya bure kule, na wengi wetu tunavijua kwa kuchelewa. Bima ya afya ya wanafunzi: kujiandikisha haulipe kitu. Visale: ni garanti mbele ya mwenye nyumba, ya bure kwa wanafunzi, inachukua nafasi ya mufaransa mwenye angepashwa kukudhamini. Ningejua Visale mbele ya kutoka hapa, singelala chini wiki tatu. Kwa restora ya universite kulikuwa chakula cha euro 1 kwa wenye shida inatambuliwa na wenye kazi ya jamii. Niliona haya, nikaenda kuomba mwaka wa pili. Haya yenyewe inakula pesa.

Na Kampala? Wengi hapa munawaza Kampala, Kasindi iko karibu. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na sheria ya soko la pamoja, yenye ilianza 2010, inasema kibali cha mwanafunzi wa jumuiya ni bila malipo. Ukiombwa pesa ya kibali, omba kwanza risiti na uulize ni sheria gani. Na minervali uulize kama uko kwa bei ya wenyeji ao ya wageni.

Sasa ya kwetu. Tangu 2015 paspoti ya Kongo ilikuwa dola 185, moja ya zenye bei kali sana duniani, na waandishi wa habari wa Reuters walionyesha 2017 kama sehemu kubwa ya ile pesa haikuwa inaingia kwa serikali. Ilishuka dola 99 mwaka 2020, kiisha watu kupiga kelele. Hatukuwa wenye makosa kupiga kelele. Basi tupige ingine: bursi zenye nchi rafiki zinatoa kwa Wakongomani, tunataka orodha ibandikwe, majina na alama, hapa Butembo na si Kinshasa tu. Mutoto wa mulimaji mwenye alipata asilimia 80 ajue nani alipita na asilimia ngapi. Tumeandika barua, iko kwa meza pale nyuma, mwenye anataka asome kwanza halafu atie saini.

Wazazi, mama yangu aliuzisha nusu ya shamba. Nilirudi na masta, ndiyo, na deni ya mujomba nimeimaliza mwaka huu tu, mwezi wa 3. Shamba halijarudi. Mwenye alinunua amejenga.

Mimi nitabaki hapa mupaka saa kumi na moja. Mwenye kuwa na barua ya chuo, ailete tuisome pamoja, tuone bei iliyoandikwa. Na mwenye tayari alimupatia komisyoneri pesa, akuje pia, asione haya.