Lini Nyumba Itoke Kwenye Orodha ya Msaada?



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu, kila Ramadhani twabeba unga, mchele na tende mpaka Ganze na Magarini. Ni jambo jema. Lakini je, nyumba tuliyoipa mwaka jana bado yahitaji? Tukiitoa mapema twaiangusha. Tukiiacha kwa mazoea tu, jirani yake mwenye njaa hapati kitu.

Amepokea Abu Daud kutoka kwa Anas kwamba Answari mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) kuomba. Nguo yake na bakuli lake vikauzwa dirhamu 2. Moja akaambiwa awanunulie watu wake chakula, ya pili anunue shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia akakate kuni, asimwone siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu 10. Tazameni mpango ule: chakula kwanza, kisha chombo cha kazi, kisha muda, kisha hesabu.

Basi nasi tupime. Msiende Agosti mahindi yakiwa yametoka shamba, wakati huo kila mtu ameshiba. Nendeni Februari ama Machi, kabla ya masika, ghala likiwa tupu. Na msimuulize baba peke yake, mama ndiye ajuaye chungu.

Kwanza: siku 7 zilizopita mlikula nini? Ni sima na mchicha tu, ama palikuwa na kunde, samaki, maziwa?

Pili: mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mkono wake wa juu una unene gani? Ukizunguka chini ya sentimita 12.5, huo ni utapiamlo. Apelekwe kliniki, na nyumba hiyo haitoki.

Tatu: mmeuza mbuzi wa mwisho? Deni la duka ni kiasi gani? Kuna mtoto aliyeacha shule akachome makaa?

Majibu yakiwa mazuri kiangazi kizima, hapo punguzeni pole pole. Kule Bangladesh, tangu 2002, shirika la BRAC huwapa maskini hohehahe mifugo, posho na mafunzo, na huwatembelea kama miaka miwili kabla ya kuwaacha wajitegemee.

Tena mlango usifungwe. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulikausha mashamba na kuua mifugo. Hata aliyesimama huweza kuanguka. Aliyetoka kwenye orodha aweze kurudi bila aibu.