Mzee Mwenye Kisukari Kitaluni

Leo nasema nanyi wazee mnaojitolea kwenye vitalu vya miche vya kijiji huku mkiishi na kisukari. Mzee wangu, jembe waachie vijana. Wewe kaa kivulini ubebeshe miembe. Kazi hiyo yataka mkono mtulivu, na vijana wengi hawana. Lakini miguu, jamani! Kisukari huweza kuitia ganzi, ukachomwa mwiba usisikie, kidonda kikaishia kukatwa mguu. Basi usiende pekupeku. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na jioni mjukuu akukague nyayo. Unayetumia insulini, usije na njaa. Ukitetemeka na kutokwa jasho la ghafla, weka kisu chini, unywe chai ya sukari. Naam, ya sukari! Nanyi viongozi, siku yake ya kliniki msimpangie zamu.