Picha Tulizotuma na Zile Hatukutuma

(Maneno ya familia moja ya wanachama mbele ya mkutano mkuu, Lubumbashi. Yameandikwa vile yalisemwa, yamefupishwa kidogo tu.)



Komite ilituomba tuzungumze juu ya maisha yetu China na safari zetu za likizo kule. Kwanza tulicheka. Mama akauliza: "Likizo gani?" Kisha tukafungua simu ya zamani, tukaangalia picha moja moja, na tukaona kweli: ndani ya picha sisi ni watu wa likizo tu. Picha ya kazi hakuna, picha ya deni hakuna. Basi leo tutasema juu ya picha mbili tulizotuma huku nyumbani, na juu ya mambo ambayo hatukupiga picha. Mutuvumilie.

Papa alifika Guangzhou mwaka 2011. Mama na watoto wawili walifuata nyuma ya miezi 8. Wa tatu alizaliwa kule. Kazi yetu ilikuwa kupokea wateja kutoka hapa Lubumbashi, kuwapeleka kwenye masoko na viwanda, kutafsiri, kuhesabu mali, kujaza kontena na kuituma kwa bahari mpaka Dar es Salaam. Kutoka pale mnajua njia: Tunduma, Zambia, Kasumbalesa. Tulikula asilimia kidogo juu ya mali ya wengine. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa 4 na wa 10, ni maonyesho makubwa ya biashara, Canton Fair, ambayo yalianza mwaka 1957. Wateja wanakuja wengi wakati ule. Miezi ile miwili njo ilitulisha miezi mingine yote.

Tuliishi mtaa wa Xiaobei, karibu na kichochoro cha Baohan. Ukitembea pale jioni unasikia Lingala, Kifaransa, Kiarabu, Kibambara, na Kiswahili pia. Siku ya Mungu tulienda kusali katedrali ya Moyo Mtakatifu, kanisa la mawe matupu lililojengwa toka 1863 mpaka 1888. Wachina wenyewe wanaliita nyumba ya mawe. Waafrika tulijaa pale.

Na chakula? Wengi wanatuuliza kama tulikula nyoka. Wapendwa, tulikula matembele! Watu wa Guangzhou wanakula matembele, na lengalenga pia, zinauzwa sokoni kila siku. Mara ya kwanza Mama alinunua kilo 3, tukakula siku nne. Wao wanazikaanga na kitunguu saumu. Bibi mmoja wa gorofa ya chini, muuza mboga, alishangaa kumwona Mama anatwanga karanga za kuweka ndani. Akaonja, hakusema kitu, akarudi na bakuli yake. Mumukumbuke huyu bibi, atarudi katika maneno yetu.

Sasa picha ya kwanza. Tuko Macau, sisi watano, tumevaa vizuri, nyuma yetu kuna ukuta mkubwa wa kanisa ya zamani. Kanisa yenyewe iliungua mwaka 1835, ukabaki uso wake tu. Mtoto wetu wa pili aliuliza mlango ule unaingia wapi, kama nyuma hakuna nyumba. Macau ilikuwa ya Wareno mpaka mwaka 1999, ikarudi kwa China, lakini ina mpaka wake na viza yake. Katika mgahawa mmoja tuliona chakula kinaitwa "kuku ya Kiafrika": kuku ya kuchoma na mchuzi wa karanga, nazi na pilipili. Wareno walisafiri na pilipili ile toka Afrika, na jina lake karibu ni lile lile letu. Tulikula sahani moja watu watano, tukacheka sana. Picha ile tuliituma huku. Mnakumbuka majibu? "Eh, bale beko bien!"

Sasa tusikilizane. Viza yetu ilikuwa ya kuingia mara nyingi, lakini kila kuingia tuliruhusiwa kukaa siku 60 tu. Siku ya 60 lazima utoke. Ukivuka kwenda Macau, inahesabiwa kwamba umetoka. Basi tulipanda basi mpaka Zhuhai, tukavuka mpaka kwa miguu, tukagongesha pasipoti, tukalala usiku moja, tukarudi. Hiyo njo ilikuwa likizo yetu. Watoto walikosa masomo, papa alipoteza mteja, na kila mara moyo unapiga mbele ya ule dirisha, juu afisa anaweza kukataa. Tulivalisha watoto nguo za siku ya Mungu ili tuonekane kama watu wa matembezi. Watoto walijua safari ile kwa jina lingine. Walikuwa wanasema: "Tunaenda kupiga kashe." Kwenye picha kashe haionekani.

Picha ya pili ni ya mwezi wa 2, mwaka 2016, sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Wakati ule viwanda vinafungwa, vibarua wanarudi vijijini kwao, Guangzhou inabaki kimya. Watoto waliomba sana, kwa sababu wanafunzi wenzao wote walikuwa wanasafiri. Tukapanda treni ya mbio mpaka Guilin, karibu saa 3 hivi. Kule kuna milima kama meno, inasimama peke yake kando ya mto Li. Kuna kijiji kinaitwa Xingping. Ukisimama pale na noti ya yuan 20, milima iliyochorwa nyuma ya noti njo ile ile unaona mbele ya macho. Mtoto mkubwa alishika noti juu, akafunga jicho moja, akasema: "Papa, tumeingia ndani ya makuta."

Kando ya mto kulikuwa mzee na ndege wake wawili wa kuvua samaki. Siku hizi anavua kidogo tu: watalii wanamlipa ili wapige naye picha. Na watalii wale wale walikuwa wanawapiga picha watoto wetu, juu ya ngozi na nywele, bila kuuliza. Yule wa pili akakasirika, akasema: "Banalipa ule muzee, juu ya nini siye hatulipwe?" Tulicheka mpaka machozi. Hatuwezi kuwaambia kwamba ile furaha ilikuwa ya uongo. Siku ile tulikuwa familia nzuri, na watoto wanaihadithia mpaka leo.

Lakini hatukutuma picha ya usiku ule. Hoteli tatu ndogo zilitukataa, wakisema hawapokei wageni wa inje. Kule sheria inataka mgeni aandikwe polisi ndani ya saa 24, na wengine wanaona heri kukufukuza kuliko kujaza karatasi. Tulizunguka saa 4 za usiku, baridi kali, mtoto mdogo kwa mgongo, mpaka nyumba ya nne ikatupokea, chumba kimoja, kitanda kimoja. Na feza ya safari ilikuwa ya likelemba, zamu yetu, ambayo tulipashwa kununua nayo mali. Mwezi wa 3 tulikopa ili kulipa nyumba. Picha ya kwenye mto iliingia kwa simu za jamaa yote. Deni lilibaki kwetu wawili.

Sasa tunafika fasi inatuuma.

Mpwa wetu mmoja aliona picha ile ya Guilin. Alikuwa na lupango hapa Katuba, marehemu baba yake alimwachia. Alituandikia: "Yaya, na miye niko nataka kuja." Tungemwambia siku ile: kaa na lupango yako. Tungemwambia juu ya kashe, hoteli tatu, na likelemba. Hatukumwambia. Tuliona haya. Tulijibu: "Maisha ni kupigana, Mungu atasaidia." Maneno matupu. Akauza lupango, akalipa mtu wa kati aliyemwahidi kazi, akafika na viza ya siku 30. Kazi hakuna. Siku 30 zikapita, akajificha miezi mitano. Sheria ya kule, toka mwaka 2013, inasema: anayepitisha siku analipa yuan 500 kila siku, mpaka yuan 10,000, ao anafungwa. Alishikwa. Tulilipa sehemu ya faini kwa feza ya kukopa, akarudishwa huku na mfuko moja wa mgongo.

Leo yuko hapa, mstari wa tatu. Tulimwomba ruhusa kabla ya kusema. Alijibu: "Museme yote, musifiche yangu." Mpwa wetu, mbele ya watu wote tunarudia: utusamehe.

Kisha mwaka 2020. Sikukuu ya mwaka mpya iliangukia tarehe 25 ya mwezi wa 1, siku mbili nyuma ya Wuhan kufungwa. Kazi ilikufa. Mwezi wa 4 Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba na hoteli, wengine walilala inje. Mabalozi wa Afrika walilalamika kwa serikali ya China. Sisi tulifungiwa ndani siku 14, ijapokuwa hatukusafiri fasi yoyote na vipimo vilionyesha hatuna ugonjwa. Mwenye nyumba akatuambia mkataba ukiisha hataongeza. Siku ya tatu ya kufungiwa tulisikia mtu anagonga, tukafungua kidogo: mfuko wa matembele chini, na pembeni karanga. Bibi alikuwa tayari anashuka ngazi. Alifanya vile mara nne. Hakuna picha ya bibi yule, wala hatukumwaga vizuri. Hiyo pia inatuuma.

Anga ya Congo ilifunguliwa tena mwezi wa 8, na sisi tulifika Luano mwezi wa 10. Jamaa walikuja kutupokea na kamionete ya kukodi, kwa kubeba mizigo. Tulitoka na masanduku ya nguo. Papa mukubwa akatazama nyuma yetu, akauliza: "Kamionete iko fasi, bintu biko wapi?" Kamionete ilirudi tupu, na sisi tulilipa. Tulipoomba chumba, tuliambiwa: "Miaka yote mulikuwa munatembea-tembea, leo munakuja omba bukari kwetu?" Hatuwalaumu. Picha tulituma sisi.

Siku ya tisa watu wawili wa chama hiki walikuja na mfuko wa unga. Hawakuuliza mizigo iko wapi, juu wao pia walirudi. Chama kilitukopesha garanti ya nyumba. Watoto wetu walisoma Kichina vizuri, lakini Kifaransa cha kuandika hawakujua, na mkubwa alitaka kurudishwa miaka minne nyuma. Mwalimu mmoja mwanachama aliwafundisha kila jioni mwaka mzima, bila kulipwa. Mkubwa alirudi nyuma mwaka moja tu.

Kwa hiyo tuko na maombi matatu.

La kwanza, kwa wafadhili. Tunawashukuru kwa mablanketi na masufuria. Lakini anayerudi anaanguka kwanza kwa garanti ya nyumba. Mwenye lupango anataka miezi mingi mbele, na mtu aliyeshuka jana hana. Mutusaidie kukuza sanduku la garanti. Ni mkopo: sisi tulimaliza kurudisha yetu kwa miezi 14, na ile feza imeingiza familia ingine ndani ya nyumba.

La pili, masomo ya Kifaransa ya jioni kwa watoto wanaorudi. Mwalimu yule amechoka, na haki yake ni kulipwa.

La tatu ni kwetu wanachama. Vijana wanakuja kutuuliza njia. Hatusemi tuwakataze; sisi tulienda, na tulikula kule miaka tisa. Tunaomba kila mwezi jioni moja, hapa hapa, kila mmoja alete picha yake moja ya kule na aseme ni nani alilipa, viza ilikuwa siku ngapi, na usiku ule alilala wapi. Mpwa wetu amekubali kuwa wa kwanza kusema, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 10 ya jioni. Siye tutaleta ile ya Guilin.