Daktari Atoke Katika Kila Wilaya

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumesimama mbele yenu leo kwa jambo moja tu: ni nani anayepata nafasi ya kusomea udaktari katika Tanzania, na akishaipata anafundishwa nini. Wako watakaosema hilo ni shauri la maprofesa. Sisi twasema ni letu, maana wanaougua ni sisi.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Katika Dar es Salaam ya ukoloni, hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika alikwenda Sewa Haji. Na kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alivuka mpaka kwenda Makerere, ambako masomo hayo yalianza mwaka 1924. Waliovuka walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere alitukumbusha ya kwamba tulipojitawala mwaka 1961 tulikuwa na madaktari 12 tu. Akili hazikupungua, ndugu zangu. Mlango ulikuwa mwembamba, na ufunguo haukuwa mkononi mwetu.

Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam, nacho ndicho leo Chuo Kikuu cha Muhimbili. Vingine vimefuata Moshi, Mwanza na Dodoma. Mkoloni ameondoka mlangoni. Je, mlango umekuwa mpana kwa wote?

Anayetaka kuingia lazima afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Sawa kabisa, hatutaki daktari asiyejua kazi. Lakini sisi tuliosomea ualimu tulipelekwa kufanya mazoezi katika shule ambayo kemia ilifundishwa kwa chaki peke yake. Tulichora chupa ubaoni, wanafunzi wakainakili, na hapo jaribio limekwisha. Binti mmoja alitushinda kwa maswali. Alitaka kuona rangi inavyobadilika, nasi hatukuwa na tone la dawa la kumwonyesha. Alifanya mtihani ule ule aliofanya mwenzake wa mjini mwenye maabara, na udaktari hakuupata. Mtihani ulikuwa sawa. Njia ya kuufikia haikuwa sawa.

Nchi yetu imekwisha kulipata funzo hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Kanuni ilikuwa moja kwa wote, na nia ilikuwa njema. Lakini idadi ya wasichana ilishuka, ikabidi wao waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Basi kanuni ikimfungia mtu nje bila ya kosa lake, hurekebishwa.

Tena hii si sadaka kwa maskini. Daktari aliyekulia kijijini ana tumaini kubwa zaidi la kurudi kufanya kazi kijijini. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri vyuo viwachague kwa makusudi wanafunzi waliotoka huko.

Lakini kuingia hakutoshi. Kuna na mafundisho. Daktari ajue kutibu kipindupindu, na ajue pia kuuliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Mama akifika hospitali amechelewa, huenda ametembea tangu alfajiri kwa kukosa nauli. Anayemkaripia amesoma nusu ya ugonjwa. Kwa hiyo wanafunzi wote, wa mjini na wa shamba, wapelekwe wilayani wakakae na watu, wala si kupita na gari na kurudi jioni.

Tunadai basi maabara na walimu wa sayansi katika shule za kata, na masomo ya matayarisho kwa vijana hodari waliosoma katika shule duni. Wakishaingia, wafanye mtihani mmoja na wenzao, wasipunguziwe hata alama moja.

Nasi tusiilaumu serikali peke yake. Baba anayemtoa binti yake shuleni ili amwoze anafunga mlango ule ule aliotufungia mkoloni.

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aende kwenye shule ya sekondari ya kata yake aulize: maabara ina vifaa? Mwalimu wa kemia yupo? Wasichana wangapi wanasoma sayansi? Leteni majibu. Tutayaandika yote na kumpelekea mbunge, naye atajibu mbele yenu.